Dawa ya Majani

Tuliiita dawa, kama tunavyoiita dawa
ile ya kikohozi, ya minyoo, ya mchwa wa paa,
neno moja kwa chupa zote za rafu ya Nahirya,
na neno halikuwahi kuuliza linaingia chupa gani.

Nisiseme uongo: niliipenda.
Miaka ishirini na miwili nimeinama katika matope ya Doho,
kiuno juu, kichwa chini, mimi na ndago,
nikiing'oa leo, kesho inanicheka.
Kisha akaja Higenyi na bomba mgongoni,
akamaliza ekari kabla chai haijapoa,
na siku ya nne magugu yote yalikuwa na rangi ya mkeka mkuukuu.
Nilisimama wima. Elewa hilo kwanza.
Nilisimama wima nikauona Mlima Elgon,
nilioupa kisogo tangu usichana wangu.

Alikuwa akipima kwa kifuniko.
Viwili kwa bomba; ndago ikiwa sugu, vinne.
Karatasi ya chupa ilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa
na picha ya mtu mwenye glavu, buti, miwani, barakoa.
"Huyu anakwenda mwezini," Higenyi akacheka.
Yeye alivaa ndala, na kamba ya moja ilikuwa waya.

Chupa hatukuitupa. Nani hutupa chupa yenye mpini?
Niliisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa maji ya moto,
nikaijaza maji ya mfereji,
Mulabi akaenda nayo kuwinga ndege.
Misimu mitatu.

Sijui.
Daktari naye hajui, ila yeye alilisema kwa maneno mengi.
Figo zimechoka, alisema, figo za mtoto wa miaka tisa,
na nilipouliza zimechoshwa na nini
akatazama dirisha, akataja maji, malaria,
damu ya ukoo, dawa.
Nilishtuka. Dawa ipi?
Kumbe alimaanisha mizizi ya mama mkwe wangu.

Afisa wa kilimo alikuja na kiti chake cha plastiki.
Siku kumi na nne msichume kitu, alisema,
na msipulizie karibu na mfereji.
Mzee Hisa akamwomba aoneshe kwa kidole
mahali ambapo si karibu na mfereji.
Tulicheka sana. Afisa pia alicheka.

Jana nilichuma mnavu tutani.
Majani ya juu mazima, ya chini yamejikunja
kama sikio la mbuzi aliyenyeshewa.
Nikasimama na ungo wangu.
Nimpe kuku? Na yai la kuku nimpe nani?

Zamani usiku wa mpunga haulaliki kwa vyura.
Juzi nilimsikia mmoja, upande wa daraja.
Nilitoka nje na shuka nikamsikiliza
mpaka akanyamaza.

Mnunuzi wa Mbale aliuma punje, akatema ganda,
akasema: mtamu, nipe magunia yote.
Sumu haijaribiwi kwa kuonja, walisema wa kale,
wakaenda zao
bila kusema hupimwa kwa nini.

Basi nimefanya hivi, na usinihukumu
kabla hujainama siku moja tu:
jaruba moja, la chungu chetu, napalilia kwa mkono.
Manne ya kuuza anapulizia Higenyi.
Ada ya shule haisubiri mkono,
wala nauli ya kumpeleka Mulabi zahanati kila Alhamisi.
Nani anakula yale manne, sijauliza.
Wali hauna jina la mtu.

Ila jaruba letu liko chini, bondeni.
Maji huanza kwenye manne, yakishayajaza
hupasua tuta dogo la udongo nililolijenga mwenyewe
na kushuka kwetu, taratibu, safi machoni.
Nayaona yakija.
Yamenifika magotini, nami nimeinama.